Daktari alinikatalia kumtafsiria mama

Wiki iliyopita nilikasirikia kliniki, na mpaka leo sijui kama ile hasira imekwisha au imegeuka aibu.

Mama yuko nami hapa Chula Vista, karibu na San Diego, Marekani, ametoka Tanga kuja kuona wajukuu. Sukari anayo miaka mingi. Asubuhi moja akaamka miguu inamwaka moto, nikampeleka kliniki ya jamii. Emajensi sithubutu tena; mwaka juzi niliingia kwa tumbo tu, bili iliyokuja ungesimamisha msingi wa nyumba Pongwe. Hizi kliniki za jamii zinakutoza kwa kuangalia kipato chako. Ukifika Marekani ulizia ziko wapi kabla hujaulizia duka la unga wa sembe.

Pale kila kitu ni Kihispania, mabango mpaka katuni za kwenye TV. Dada wa mapokezi akamwona mama na mtandio wake, akamwamkia, "Buenos días, señora." Mama akaitika, "Marahaba, mwanangu."

Daktari akaingia, binti mdogo tu. Nikasogeza kiti nikae katikati yao. Akaniambia nipumzike, atapiga simu ya mkalimani. Mimi! Mtoto wa kumzaa, niliyesoma hapa hapa! Akatabasamu, akabonyeza namba. Simu ikapokelewa na dada wa Kikongo: "Mama, unanisikia muzuri?" Mama akacheka mpaka mabega yakatikisika.

Basi, hazikupita dakika tano, mama akamweleza yule dada jambo ambalo miezi minne nyumbani kwangu hakunigusia. Vidonge vyake anavikata nusu kwa kisu cha jikoni. Alinisikia usiku mmoja nikimlalamikia mke wangu bei ya dawa, akaona asinielemee. Mimi nimekaa pembeni nimeshika mkoba wake. Dawa yenyewe niliyokuwa naililia ni ya pumu yangu. Vidonge vyake vya sukari hapa ni dola chache tu kwa mwezi.

Baadaye yule binti daktari akaniambia kwamba yeye alimtafsiria mama yake tangu ana miaka tisa. Siku moja daktari akataja kansa, neno likamshinda, akaliruka. Ndiyo maana hataki mtoto wa mgonjwa awe mkalimani, hata kama mtoto mwenyewe ana mvi. Amesomea UC Irvine, chuo kikuu cha hapa California, kwenye programu iliyoanza 2004 ya kuandaa madaktari wa jamii ya Walatino, yaani watu wenye asili ya Meksiko na nchi nyingine za Amerika ya Kilatini. Wanakaa miaka mitano badala ya minne na wanatoka na shahada ya uzamili pamoja na ile ya udaktari.

Hawa Walatino wamejipanga, nawaonea wivu bila kificho. Jirani yangu Mmeksiko yumo kwenye utafiti mkubwa wa afya ya Walatino. Kati ya 2008 na 2011 waliandikishwa watu wazima 16,415 Bronx, Chicago, Miami na San Diego. Wakanyweshwa maji ya sukari na kutolewa damu, wakapimwa usingizi, wakavalishwa kifaa kiunoni wiki nzima kuona wanatembea kiasi gani. Ikaonekana kumbe "Mlatino" si mtu mmoja: wenye asili ya Meksiko walikuwa na kisukari asilimia 18 hivi, wa Amerika Kusini kama 10. Daktari akijua hilo, anajua aanze kuuliza nini.

Mama yangu je? Kwenye fomu nilimtilia alama "Mweusi", basi. Mdigo wa Tanga kapu moja na Mjamaika na mtu wa jimbo la Georgia ambaye babu wa babu yake alizaliwa huko huko. Sisi Waswahili hapa msiba ukitokea tunachanga hadi maiti inafika kwao, hapo hatuna mpinzani. Lakini kaa uwaambie watu tuandikishane tujue wangapi wana sukari na presha, utasikia "huyu anataka uenyekiti".

Na wewe unayeleta mzazi, mkatie bima ya safari kabla hajapanda ndege, maana hizi za hapa mgeni hapewi kirahisi. Halafu hesabu vidonge vyake mwenyewe, kwa mkono wako.

Jana mama kaniuliza kama namba ya yule dada wa Kikongo ninayo. Anataka kumwambia sasa anameza kizima.