Jinsi nilivyoirudishia hina rangi yake

Kazi yangu ni kupiga picha za kupamba, sherehe ya kumwonyesha bibi harusi aliyepambwa, hapa Lamu. Shughuli ni ya wanawake peke yao, usiku, ndani ya nyumba, kwa hiyo bila flashi huendi mbali.

Harusi iliyonifunza ilikuwa mtaa wa Mkomani, katika nyumba ya zamani ya mawe, zidaka (vishubaka) ukutani na boriti juu. Wenyeji waliwasha balbu za njano kila pembe, nami nikapiga kwa flashi, nikaiacha kamera ijichagulie yenyewe nyeupe ni ipi. Asubuhi, kwenye kompyuta, uso wa bibi harusi ulikuwa umepauka, na ukuta nyuma yake umeiva kama embe. Nikipoza ukuta, shela inageuka buluu. Nikirudisha joto la shela, ukuta unazidi kuwaka. Somo wake, yaani kungwi wake, alizitazama picha kimya, kisha akaweka kidole kwenye picha ya mikono: "Mwanangu, hina hii nimeitia mimi, imekoza hasa. Mbona hapa imekuwa kama tope?"

Maneno yale yaliniuma, kwani alikuwa na haki.

Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini: namba ikishuka, mwanga huzidi unjano. Flashi hutoa mwanga wa kelvini 5500 hivi, karibu sawa na jua la mchana. Balbu ya njano ni 2700 au 3000. Kamera nayo hupewa nyeupe moja tu kwa picha nzima, basi ukifuata flashi, balbu zitageuka chungwa. Ukifuata balbu, kila kilichoguswa na flashi kitageuka buluu.

Nikaanza majaribio nyumbani. Niliangika kanzu ya kaka yangu ukutani, balbu inawaka, nikapiga kwanza bila flashi: shata (muda wa kuingiza mwanga) sekunde 1/200, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 400. Picha ikatoka nyeusi tii, maana yake balbu haikuwa na nguvu tena. Nikawasha flashi, nikaweka nyeupe ya kamera kwenye alama ya radi, yaani ya flashi, na kanzu ikatoka safi. Lakini chumba kiligeuka pango! Zidaka zote zimezama gizani, na mimi sikubali kupiga harusi ya Lamu isiyoonyesha nyumba ya Lamu.

Njia niliyoshika ni kuivisha flashi rangi ya balbu. Kuna karatasi za plastiki za rangi ya chungwa zinazouzwa kwa kazi hii. Ukifunika flashi kwa ile nzito, mwanga wake hushuka hadi karibu 3200. Hapo nyeupe ya kamera naiweka kwenye alama ya balbu, shata naishusha hadi 1/60, ISO naipandisha hadi 1600 ili taa za chumba ziingie pichani. Balbu hubaki na joto kidogo, na mimi naupenda ule ujoto.

Halafu boriti. Nilizoea kugeuzia flashi juu ili mwanga urudi laini, lakini dari ya miti iliyokolea rangi hula mwanga, na kinachorudi kimeshachukua rangi ya mti. Sasa naugeuzia ukuta wa chokaa ulio ubavuni. Hata chokaa ya zamani si nyeupe kabisa, kwa hiyo nyeupe siipimi mpaka flashi imeshaelekea pale itakapokaa: napiga picha ya kadi ya kijivu, ya kupimia nyeupe, naiambia kamera ifuate hiyo badala ya alama ya balbu. Flashi ikigeuzwa ukuta mwingine, napima upya. Na taa ndefu ya mrija ikiwa inawaka, namwomba mama mwenye nyumba aizime, kwa sababu ukijani wake haufuati balbu wala flashi.

Harusi iliyofuata ilikuwa mtaa wa Langoni, na somo alikuwa yuleyule. Nilimpa yeye kadi aishike kando ya mkono wa bibi harusi. Nikapiga, nikapima, nikapiga tena bila kadi, nikamgeuzia kioo cha kamera. Aliukuza ule mkono kwa vidole viwili mpaka ncha za kucha, kisha akaniambia, "Haya, endelea. Sasa mpige na miguu."