Faili la kazi la muuguzi hujengwa wodini

Tangazo la ajira za afya likitoka, steshenari za Moshi mjini na zile za karibu na stendi ya Arusha hujaa wauguzi wenye bahasha mkononi. Huyu anaskani cheti, yule anatafuta wakili wa kugonga mhuri, mwingine yuko kwenye simu anambembeleza sista wa wodi aliyofanya kazi zamani amwandikie barua. Wengi wao ni wauguzi wazuri. Wanachokosa ni karatasi za kuonyesha uzuri huo, na karatasi za namna hiyo hazipatikani ndani ya wiki mbili.

Vyeti vinaweza kusubiri. Ushahidi wa kazi hausubiri. Cheti chako cha kidato cha nne kitakuwa vilevile mwakani. Lakini sista aliyekusimamia ukimwekea kanula, ule mrija mdogo wa mshipani, mtoto wa miezi mitatu akishahamishwa mkoa mwingine, basi. Hatakumbuka tarehe, hatakumbuka ulifanya mara ngapi, na hata akikupenda atakuandikia barua ya jumla tu: mchapakazi, mwaminifu, ana ushirikiano. Barua ya hivyo haimsaidii mtu anayetafuta muuguzi wa chumba cha watoto wachanga.

Tuanze na vyeti, kwa kifupi. Cheti cha kuzaliwa, vyeti vya sekondari, cheti cha chuo pamoja na transkripti kamili, cheti cha usajili au cha kuorodheshwa kutoka Baraza la Uuguzi na Ukunga, na leseni iliyo hai. Hivi viwili vya mwisho watu huvichanganya: usajili ni jambo moja, leseni ni jingine, na leseni ina tarehe ya kuisha. Sekretarieti ya Ajira haipokei karatasi za matokeo ya kidato cha nne na cha sita wala transkripti nusunusu, inataka vyeti vyenyewe. Linalowaangusha wengi zaidi ni majina. Cheti cha kuzaliwa kina majina matatu, cha kidato cha nne kina mawili, leseni ina jina la ndoa. Panga karatasi zote mezani, soma jina herufi kwa herufi, na ukikuta tofauti anza kushughulikia kiapo cha jina sasa, kabla tangazo halijatoka.

Na tafadhali usifanyie cheti halisi laminesheni. Joto la ile mashine huweza kuharibu wino na muhuri, kona zikifunguka unyevu huingia na hautoki, na cheti hicho hakigongwi tena mhuri wowote. Kwa masika ya Moshi, mifuko ya plastiki yenye matundu ndani ya boksi faili inatosha, ilimradi usiliweke sakafuni wala kuliegemeza ukutani.

Sasa moyo wa faili, yaani rekodi ya ujuzi. Daftari gumu la kawaida linafaa. Chora safu sita: tarehe, wodi, kazi uliyofanya, kiwango, jina na cheo cha aliyekusimamia, sahihi. Safu ya kiwango ndiyo yenye thamani kuliko zote, na ndiyo watu huiacha. Andika mojawapo kati ya haya matatu: nilitazama, nilifanya chini ya usimamizi, nilifanya mwenyewe. Msomaji akiona ulitazama kuwekwa kwa katheta (mrija wa mkojo) mara mbili mwezi wa kwanza, ukaweka ukisimamiwa mwezi wa pili, kisha ukaanza kuweka mwenyewe, ameshaona jinsi unavyojifunza. Orodha ya kazi 60 zote zikiwa “nilifanya mwenyewe” tangu siku ya kwanza haiaminiki, hata kama ni kweli.

Sahihi ichukuliwe mwisho wa zamu. Daftari lililojazwa lote siku moja hujionyesha: wino mmoja, mwandiko mmoja, sahihi ya sista imelala vilevile ukurasa mzima. Kwa walio kwenye mwaka wa mafunzo kwa vitendo baada ya shahada, usingoje siku ya mwisho ya kuhama wodi, kwa sababu siku hiyo sista anaweza kuwa zamu ya usiku au likizo. Funga hesabu ya kila wodi wiki moja kabla.

Sehemu ya pili yenye uzito ni tafakari. Vyuo vingi hufundisha mzunguko wa Graham Gibbs wa mwaka 1988 wenye hatua sita: kilichotokea, ulivyojisikia, kilichoenda vizuri na vibaya, kwa nini, hitimisho, na utakachofanya wakati mwingine. Ni mzuri, ila watu hujaza hatua mbili za mwanzo kurasa nzima na kuimaliza ya mwisho kwa “nitakuwa makini zaidi”. Sentensi hiyo haisemi kitu. Tazama tafakari fupi ya mfano inavyoweza kusomeka:

“Mgonjwa aliyekuwa akiongezewa damu alianza kutetemeka kama dakika 20 baada ya kuanza. Nilisimamisha damu, nikabadilisha seti, nikaacha mshipa wazi kwa normal salaini (dripu ya maji ya chumvi), nikamwita daktari, na chupa ya damu pamoja na seti yake vikarudishwa maabara. Mapigo ya moyo na presha vilipimwa dakika ya 15, lakini joto halikupimwa kwa sababu kipimajoto kilikuwa kimeazimwa wodi ya jirani. Bila kipimo hicho cha joto hatukuweza kusema limepanda kiasi gani. Sasa naweka kipimajoto, mashine ya presha na saa kitandani kabla ya kwenda kuchukua damu.”

Hapo kuna kitendo, kuna sababu, kuna badiliko linaloweza kupimwa. Nusu ukurasa unatosha. Tafakari tano za namna hii ni bora kuliko 30 za kujisifu.

Kwa mafunzo endelevu, usikusanye vyeti tu. Utavihitaji kuhuisha leseni, ndiyo, lakini nyuma ya nakala ya kila kimoja andika mafunzo yalichukua saa ngapi, nani alifundisha, na jambo moja ulilolibadilisha kazini. Mafunzo ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua, kwa mfano: andika kwamba sasa ambu (mfuko wa kusukuma hewa) na barakoa yake hukaguliwa kabla mama hajaanza kusukuma, ili ile dakika ya kwanza isiishie kwenye kutafuta vifaa. Wanaofikiria kwenda Uingereza watakutana na mfumo huuhuu kwa ukali zaidi. Baraza la kule, tangu 2016, humtaka muuguzi kila miaka mitatu aonyeshe saa 450 za kazi, saa 35 za mafunzo ambazo 20 kati yake ni za kushiriki na wenzake, maoni matano kuhusu kazi yake na tafakari tano zilizoandikwa. Aliyezoea kuandika akiwa Arusha haanzi sifuri.

Jambo moja halina mjadala: mgonjwa asitambulike. Jina lisiwepo, namba ya faili isiwepo, picha ya patografu (chati ya uchungu wa mzazi) au karatasi ya dawa isiwepo, na picha ya kidonda isipigwe kwa simu yako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kufuta jina peke yake hakutoshi. Ukiandika “mpagazi wa Marangu aliyeshushwa mlimani na maji kwenye mapafu wiki ya Krismasi”, kijiji kizima kinamjua. Andika “mwanaume mtu mzima mwenye tatizo la kupumua lililosababishwa na mwinuko”. Mafunzo yanabaki yaleyale, na mtu anabaki na heshima yake.

Nakala za kielektroniki: skani ukurasa wa A4 kwa rangi, dpi (kipimo cha ung'avu wa skani) 200 mpaka 300, ili mhuri usomeke. Mafaili yakiwa mazito, punguza ukubwa wake baada ya kuskani, usipige picha upya kwa simu chini ya taa, kivuli cha mkono kitafunika sahihi. Kila cheti kiwe PDF yake yenye jina linaloeleweka, mfano “leseni_2025”, na si “skani_0047”. Hifadhi kwenye barua pepe yako na kwenye flashi. Ukiskani steshenari, hakikisha wamefuta mafaili yako kwenye kompyuta yao kabla hujalipa.

Wadhamini watatu uwaombe ruhusa kwanza. Chagua angalau mmoja aliyekuona kitandani kwa mgonjwa, maana mwalimu wa chuo hawezi kusema unavyokabidhi zamu. Mpe kila mdhamini nakala ya rekodi yako ya ujuzi, umwambie ni kazi gani unaomba, iwe hospitali ya serikali, ya dini kama KCMC au zahanati binafsi, na kila baada ya miezi sita uhakikishe namba yake ya simu ni ileile.