Fedha zote ziingie kabla ya kufika getini

Vikundi vingi vinavyopanda Kilimanjaro kuchangia hospitali au shule huanza na tangazo la namna hii: "Tunakwenda kilele cha Uhuru, mita 5,895, tuchangieni." Shida inaanzia hapohapo. Mtu aliyeahidiwa fedha kwa sharti la kufika kileleni, kichwa kikianza kumgonga, dalili ya ugonjwa wa mwinuko, akiwa Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele, hatamwambia mwongozaji. Atameza dawa ya maumivu, atanyamaza, ataendelea kupanda.

Kwa hiyo ahadi zifungwe kwenye safari. Gawa mlima kwa kambi. Njia ya Machame kwa siku 7 ina malalo sita: Machame, Shira, Barranco, Karanga, Barafu, kisha Mweka wakati wa kushuka. Kila kambi ipate mchangiaji wake: ofisi, ukoo, darasa mlilosoma pamoja. Walipe wiki mbili kabla ya safari. Mpandaji akigeuzwa Karanga, hakuna anayedai wala anayedaiwa.

Gharama za kupanda ni jambo jingine kabisa. Ada za hifadhi, malipo ya kampuni, vifaa na tipu za wapagazi zitoke mfukoni mwa mpandaji, au kwa mfadhili aliyekubali kwa maandishi kulipia hayo tu. Mkichanganya, siku mtu atakapouliza, "Kwenye laki moja niliyotoa, kiasi gani kimefika wodini?" hamtakuwa na jibu. Fungueni akaunti mbili, na watia saini wawe watu wanaobaki chini, maana mtandao mlimani ni wa kubahatisha. Hospitali nayo iandike yenyewe inachohitaji. Mashine ya kutengeneza oksijeni isiyo na vichujio vya akiba wala umeme wa uhakika huishia stoo.

Pasipofaa kubana matumizi ni kwenye idadi ya siku. Vikundi vya michango hupenda njia ya Marangu ya siku 5 kwa kuwa ni nafuu, lakini tazama malalo yake: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo kama 4,700. Kila lalo liko takriban mita 1,000 juu ya lililotangulia, wakati ushauri wa kitabibu ni kwamba ukishapita mita 3,000, malalo yasipande zaidi ya mita 500 kwa siku. Ongezeni siku ya pili Horombo. Machame ina faida yake: mchana unapita Lava Tower, zaidi ya mita 4,600, jioni unashuka kulala Barranco, chini ya 4,000. Mwili unaionja hewa nyembamba, kisha unapumzika.

Acetazolamide, dawa ya kukinga ugonjwa wa mwinuko, husaidia mwili kuzoea hewa nyembamba. Kipimo cha kawaida cha kinga ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Muone daktari kwanza, hasa kama una mzio wa dawa za salfa, na uijaribu ukiwa nyumbani: inakojoza, na vidole hupata ganzi ya kuchomachoma.

Usiku wa kilele, karibu saa tano na nusu, kabla ya kutoka Barafu, kila mtu apimwe. Chora mstari kwenye vumbi. Atembee hatua kumi, kisigino kikigusa ncha ya kiatu cha nyuma, bila fimbo. Anayeyumba au kukanyaga nje ya mstari ashushwe saa hiyohiyo, asisubiri kukuche, kwa sababu huenda ubongo umeanza kuvimba. Anayehema hali amekaa tu, au anayekohoa kikohozi cha majimaji, naye ashuke: huenda mapafu yameanza kujaa maji. Oksijeni ya mtungi humpa muda wa kufika chini, haimpi ruhusa ya kupanda.

Maji huanza kuganda juu, hivyo chupa ifunikwe kwa soksi nene na ikae kichwa chini. Mpira wa kunyonyea maji huziba kwa barafu mapema. Simu ya kupigia picha ikae ndani ya nguo, ikigusa mwili, la sivyo chaji huisha kwa baridi kabla ya Stella Point, ukingoni mwa kreta, chini kidogo ya kilele. Bango la wafadhili liwe la kitambaa, dogo. La plastiki hukakamaa, na upepo hulipokonya mikononi.

Mabango na fulana za wafadhili zina uzito, na kuna mtu anayezibeba. Mzigo wa mpagazi ukomo wake ni kilo 20, nao hupimwa getini. Ukizidi, ajirini mpagazi mwingine. Ulizeni kabla ya kulipa kampuni: wapagazi wanalipwa kiasi gani kwa siku, wanakula mara ngapi, wanalala wapi? Ni aibu kuchangishia wagonjwa huku aliyekubebea hema analala na njaa.

Mkirudi, toeni taarifa ndani ya mwezi mmoja: kilichoingia, kilichonunuliwa, risiti, na picha ya kifaa kikiwa kinatumika. Waliogeuka njiani waandikwe kwenye orodha ileile na waliofika, pamoja na kambi walizolala.