Siku moja maishani mwangu: Ualimu, mbio, na kano ya kisigino inayopona

Saa 11 alfajiri
Kabla sijashuka kitandani nazungusha nyayo kidogo, nakunja, nakunjua, alafu ndo nakanyaga chini. Zile hatua za kwanza za kwenda chooni ndo kipimo changu, kano ya kisigino cha kushoto, ile kamba ngumu inayounganisha kigimbi na mfupa wa kisigino, inakuwa imekaza kama ubao, naipa namba kuanzia 0, hamna maumivu kabisa, mpaka 10, sikanyagi. Leo ni 2. Juzi nilikimbia, jana ikaamka na 3, leo imeshuka, kwa hiyo jioni nakimbia tena. Fizio wangu, mtaalamu wa tiba ya viungo, ndo kanifundisha hivi, usiogope maumivu madogo wakati wa zoezi, hata yakifika 4 au 5 yanavumilika, ila angalia asubuhi inayofuata mguu umeamkaje, ukiamka mbaya kuliko kawaida yako punguza.

Saa 11 na nusu
Ngazi ya kibarazani. Hapa ndo dawa yenyewe ilipo kwa kweli. Nasimama kwa vidole ukingoni, mkono mmoja kwenye nguzo, napanda kwa miguu yote miwili, nahamishia uzito wote mguu unaouma, alafu nashusha kisigino taratiiibu mpaka kipite chini ya usawa wa ngazi. Mara 15, seti 3 goti limenyooka, tena seti 3 goti limekunjwa kidogo, maana kigimbi kina misuli miwili mikubwa inayoshikana na kano hiyo hiyo moja, na goti likikunjwa ule wa ndani ndo unabeba zaidi. Mgongoni nina begi lenye mifuko ya sembe ya kilo mbili mbili, zoezi likiwa jepesi naongeza mfuko.

Zoezi hili lilipata umaarufu kupitia daktari wa Sweden, Håkan Alfredson, na wenzake, mwaka 1998 walilitoa kwa wanamichezo 15 wa kawaida tu waliokuwa wameumwa muda mrefu, mara mbili kwa siku, siku zote za wiki, wiki 12, wakarudi kukimbia. Wiki 12 jamani! Nasema hivi kwa sababu watu wengi wanafanya siku nne wakiona bado inauma wanaacha. Kano haina damu nyingi kama msuli, inajijenga polepole, na inajijenga kwa kubebeshwa mzigo. Ukikaa tu miezi miwili maumivu yanatulia, siku ukirudi barabarani yanarudi vilevile kwa sababu kano imezidi kuwa dhaifu.

Saa 1 asubuhi
Paredi, alafu vipindi viwili mfululizo Form Two. Ndani ya viatu nina vipande vya mpira chini ya visigino, fundi viatu wa pale stendi alinikatia, viatu vyote viwili ili nisitembee upande. Kisigino kikiinuka kidogo kano haivutwi sana, na mwalimu anasimama kutwa nzima.

Saa 4, chai
Mwalimu mwenzangu naye anakimbia, naye kisigino kinamsumbua, akaniambia anataka akachomwe sindano aondokane nayo. Nikamwambia kaka yangu, hizo sindano za steroidi karibu na kano zinaweza kupoza maumivu muda mfupi lakini zinaweza pia kuidhoofisha, kamuone fizio kwanza. Alafu akatoa mfukoni sipro, ile antibayotiki ya ciprofloxacin, kajinunulia duka la dawa sababu ya tumbo. Hapo nilishtuka kweli! Sipro na dawa za kundi lake zinajulikana kuumiza kano, hata kuikata, na ya kisigino ndo inayoathirika zaidi. Nikamsihi arudi kwa daktari leo leo amwambie kano inauma, aangaliwe kama inamfaa nyingine. Watu wengi hawalijui hili na sipro tunaimeza kama pipi.

Saa 7 mchana
Wanafunzi wananakili ubaoni, mimi nimeshika meza nasimama kwa vidole sekunde 45 bila kucheza, napumzika, narudia, mara 5. Kwangu inatuliza mguu kabisa. Binti mmoja wa mbele akauliza, "Madam, unatafuta nini juu?" nikawachorea kigimbi, kano na mfupa wa kisigino pale pale, dakika tatu tu, hawakupiga kelele hata kidogo.

Saa 11 jioni
Shanty Town, hapa Moshi, barabara zenye miti, tambarare. Natamani sana kupandisha kuelekea Mweka maana nusu marathon ya Kilimanjaro Marathon inapita huko, lakini mlima unakunja kifundo cha mguu na kuivuta kano, bado muda wake. Nakimbia dakika 3 natembea 2, narudia. Mwendo mdogo, maana kasi inaitesa kano kuliko hata umbali. Maumivu 2, mara moja 3, yakashuka yenyewe. Nimefurahi mno, mwili ulikuwa umeisahau hewa hii.

Saa 2 usiku
Awamu ya pili kwenye ngazi, mwanangu ananihesabia kwa sauti na akiona nimeharakisha anaanza upya moja. Jirani yangu dada mmoja akaja kujaribu, yeye anaumia chini kabisa pale kano inaposhikana na mfupa, siyo juu kidogo kama mimi. Nikamzuia asishushe kisigino chini ya ngazi, kwa mtu wa aina yake ule mvuto unaibana kano kwenye mfupa na kuichokoza zaidi. Afanyie sakafuni tu, apande na kushuka mpaka chini basi. Nikamwambia na hili pia, siku akisikia "pa!" nyuma ya mguu kana kwamba kapigwa teke na hawezi kusimama kwa vidole, asije kwangu wala kwa wa kuchua, aende hospitali siku hiyo hiyo. Akavua kandambili, akashika nguzo, akaanza.