Jinsi nilivyoondokana na uzito wa tumbo baada ya mlo wa mchana

Kwa miaka mingi chakula changu cha mchana hapa Arusha kilikuwa nyama choma ya mbuzi au makange ya ng'ombe pamoja na ugali mkubwa, na nilipoingia darasani kufundisha kipindi kinachofuata nilikuwa na macho mazito, kiungulia kikipanda kooni na tumbo limekaza kama ngoma. Leo ninafundisha kipindi hichohicho nikiwa mwepesi, na ninajivunia hilo, kwa sababu ushauri mwingi niliopewa ulikuwa mbovu kiasi cha kukera.

Mafuta yakifika kwenye utumbo mwembamba, mwili hutoa homoni inayopunguza kasi ya tumbo kutoa chakula, hivyo mlo wa nyama yenye mafuta mengi hukawia tumboni kwa saa kadhaa, na tindikali hupata nafasi ya kurudi juu, hasa mlaji akijilaza. Mafuta yanayoingia kwenye damu nayo hufika kilele takriban saa tatu au nne baada ya kula. Protini ya nyama hushibisha kweli, na hilo silipingi. Kilichonilemea ni wingi wa mafuta pamoja na ukubwa wa ule ugali.

Jirani mmoja alinishauri ninywe soda ili nyama isagike haraka, ilhali soda huongeza gesi na sukari tu. Mwingine alisisitiza kwamba niache nyama mara moja na kujaza sahani maharage. Mwenzangu aliyemsikiliza alishinda akiugulia tumbo, kisha akatangaza kwamba vyakula vya mimea havimfai.

Maharage yana sukari ziitwazo rafinosi na stakiosi, ambazo utumbo mwembamba wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzivunja. Hufika nzima katika utumbo mpana, na bakteria wa huko huzichachusha na kutoa gesi. Kwa kuwa sehemu ya sukari hizo huyeyuka katika maji, niliamua kupambana nazo jikoni kabla hazijafika tumboni: niliyaloweka maharage usiku kucha, nikamwaga maji yote asubuhi, nikayasuuza, nikayachemsha kwa moto mkali kwa zaidi ya dakika 10, nikamwaga tena maji yale yenye povu, ndipo nikayapika kwa maji mapya mpaka punje ikabonyea vidoleni bila kushindana. Moto huo mkali si wa kuruka, kwani maharage mekundu yasiyoiva yana lektini, aina ya protini yenye sumu, inayoweza kumtapisha na kumharisha mtu. Wapo walioniambia niweke magadi. Huyalainisha haraka, lakini huharibu vitamini B1, nami nikaona ni afadhali kuloweka.

Jambo lililonifurahisha zaidi, hata hivyo, lilikuwa kuanza na choroko, ambazo tumbo langu lilizipokea kwa urahisi. Nilianza na vijiko vichache pembeni mwa kipande kidogo cha nyama isiyo na mafuta, nikaongeza polepole huku nikinywa maji ya kutosha, maana nyuzinyuzi bila maji zinaweza kumfungisha mtu choo. Baada ya wiki kadhaa gesi ilipungua sana, na bei ya sahani moja ya nyama choma ilikuwa ikininunulia choroko za siku nyingi.

Sasa mchana hula makande mara nyingi. Mahindi yana upungufu wa lisini, mojawapo ya vijenzi vya protini, ambayo maharage yanayo kwa wingi, kwa hiyo protini zake hukamilishana vizuri. Sukari hupanda polepole kwenye damu kuliko nilipokula ugali mtupu wa sembe, nami hukaa hadi jioni bila njaa. Nikimaliza kula, hutembea kidogo uwanjani.

Shemeji alihofia kwamba ningeishiwa damu. Hofu yake ina msingi, kwa sababu madini ya chuma yaliyomo katika mimea hufyonzwa kwa shida kuliko yale ya nyama, lakini vitamini C husaidia, hivyo hula chungwa au kachumbari yenye ndimu pamoja na makande, na chai, ambayo huzuia madini hayo, naisogeza mpaka alasiri. Nyama sijaiacha kabisa, na maziwa, mayai na dagaa vimebaki mezani kwangu, kwa kuwa vitamini B12 haimo katika maharage wala mchicha.