Moto wa Maweni na Hesabu ya Gesi Joto

Panapotajwa moto wa misitu na gesi joto, fikra za wengi huenda Brazil au Indonesia, na wana sababu. Moto wa Indonesia wa mwaka 1997, ulioingia hadi ndani ya udongo wa mboji uliolundikana kwa maelfu ya miaka, ulitoa kaboni inayokisiwa kuwa kati ya tani bilioni 0.81 na 2.57, kiasi kinacholingana na asilimia 13 hadi 40 ya kaboni ambayo dunia nzima ilikuwa ikiitoa kwa mwaka kwa kuchoma mafuta, gesi na makaa ya mawe. Mbele ya takwimu kama hizo, moshi unaopanda Charawe, Ukongoroni au Makunduchi, hapa kwetu Unguja, Zanzibar, mwishoni mwa Kaskazi, wakati wakulima wanapotayarisha makonde yao kabla ya Masika, unaonekana si kitu. Mimi nasema ni kitu, na kwamba hatutakuwa na hesabu ya kweli ya moshi huo hadi tutakapoifanya wenyewe, kwa miguu, shehia (eneo dogo la utawala) kwa shehia.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mwongozo wa mwaka 2006 wa Jopo la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi unataka mambo manne: eneo lililoungua, uzito wa mimea mikavu iliyokuwapo katika eneo hilo, sehemu ya mimea hiyo iliyoteketea kweli, na kiasi cha kila gesi kinachotoka katika kila kilo iliyoungua. Kwa misitu ya ukanda wa tropiki, tani moja ya mimea mikavu ikiungua hutoa wastani wa kilo 1,580 za hewa ukaa, kilo 104 za kaboni monoksaidi, kilo 6.8 za methani na kilo 0.2 za naitrasi oksaidi. (Anayeshangaa vipi tani moja ya kuni itoe zaidi ya tani moja ya gesi akumbuke kwamba kaboni ya mti hushikana na oksijeni iliyomo hewani, na uzito wa oksijeni hiyo nao huhesabiwa.)

Tuchukulie, kwa ajili ya mfano tu, hekta moja ya kichaka yenye tani 40 za mimea mikavu, ambayo nusu yake imeteketea. Zitatoka tani 31.6 za hewa ukaa, kilo 136 za methani na kilo 4 za naitrasi oksaidi. Gesi hizi mbili za mwisho zinaonekana chache mno, lakini katika kipindi cha miaka 100 kilo moja ya methani hulipasha joto anga mara 28 kuliko kilo moja ya hewa ukaa, na naitrasi oksaidi mara 265, kwa hiyo athari yake kwa pamoja ni sawa na tani 4.9 za hewa ukaa. Hapa ndipo penye jambo ambalo hulisikii likisemwa. Kichaka kikiachwa kirejee, kitaifyonza tena hewa ukaa iliyotoka; methani na naitrasi oksaidi, hakuna mti utakaozirudisha.

Ukipita kwenye konde la maweni, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe yenye udongo haba, siku mbili tatu baada ya kuchomwa, utaona mawe ya matumbawe yamegeuka meupe kwa joto, jivu limejaa kwenye mashimo yake, na mahali pale paliposimama mti wenye umri mkubwa kisiki bado kinafuka. Mizizi imepenya katika mianya ya mawe, na moto umeifuata humo humo, bila ndimi, ukila pole pole mizizi pamoja na mboji kidogo iliyojikusanya kwenye mifuko ya mawe kwa miaka mingi. Moto wa aina hiyo, unaokosa hewa ya kutosha, ndio unaotoa methani na kaboni monoksaidi nyingi zaidi. Kwa sababu hiyo hiyo kilo moja ya msitu huhesabiwa kutoa methani karibu mara tatu ya kilo moja ya nyasi za savana, ambazo huwaka mara moja na kwisha. Na mboji ile ndiyo udongo wenyewe wa maweni. Chini yake hakuna mwingine.

Sasa, nani anauona moto huu? Ramani za maeneo yaliyoungua ambazo nchi nyingi huzitegemea hutokana na chombo kiitwacho MODIS, kilichomo katika setilaiti za Terra na Aqua, na kila nukta ya ramani hizo ni mraba wa mita 500 kwa 500, yaani hekta 25. Konde la ekari moja au mbili linamezwa ndani ya nukta hiyo bila kuacha alama. Watafiti walipoipima Afrika kusini ya Sahara kwa setilaiti ya Sentinel-2, yenye jicho kali zaidi, walikuta eneo lililoungua mwaka 2016 lilikuwa kubwa kwa asilimia 80 kuliko lilivyoonyeshwa na MODIS. Kilichoongezeka kwa wingi ni mioto midogo midogo, na Unguja karibu mioto yetu yote ni ya aina hiyo. Pemba, yenye mvua nyingi zaidi na mikarafuu, tatizo ni dogo, ingawa msitu wa Ngezi nao unahitaji macho.

Sipendi hesabu hii igeuke fimbo ya kumchapia mkulima wa mihogo na kunde. Kuchoma konde, kulima, kisha kuliacha lipumzike hadi kichaka kirejee ni utaratibu wa wazee, na hewa ukaa yake ilikuwa ikitoka na kurudi. Kilichovunja mizani ni kufupika kwa mapumziko: watu wameongezeka, ardhi ya pwani imechukuliwa na hoteli, na kuni na mkaa wa mjini vinatoka katika vichaka hivyo hivyo. Konde likichomwa tena kabla miti haijakomaa, deni la moto wa kwanza halijalipwa. Na upepo wa Kaskazi ukiusukuma moto nje ya mpaka, au mrina asali akiacha mwenge wake ukiwaka, unaoungua ni msitu ambao haukukusudiwa kulimwa, pamoja na makazi ya kima punju na paa nunga.

Msingi wa kufanyia kazi upo. Mradi wa HIMA (Hifadhi ya Misitu ya Asili), ulioanza mwaka 2010, ulizisaidia shehia nyingi kuingia mikataba ya kusimamia misitu yao, na zipo kamati zinazojua kila njia ya kichaka. Kamati hizo zikiandika katika daftari tarehe ya kila moto, ukubwa wa eneo kwa kulizunguka na simu yenye GPS, miaka ambayo konde lilikuwa limepumzika, na kama moto ulivuka mpaka au haukuvuka, tutakuwa na takwimu ambazo setilaiti haiwezi kutupa. Safu ya miaka ya mapumziko ndiyo ningeitaka ijazwe kwanza, kwa kuwa hiyo haionekani kutoka juu hata kwa jicho kali, na anayeijua ni mwenye konde peke yake.