Tulivyoingiza malezi ya watoto wa soko kwenye bajeti ya halmashauri

Sokoni kwetu hapa Moshi kuna chumba cha watoto wadogo chenye kifungu chake kwenye bajeti ya halmashauri. Hatukupewa na mfadhili, wala na mgombea wakati wa kampeni. Ombi lake lilipita mkutano wa mtaa, likapita kata, likapita baraza la madiwani, na kila mwaka linapita tena. Wanawake wa masoko mengine wananipigia simu kuuliza tulifanyaje. Naandika hapa yote niliyojifunza, hasa yale ambayo ningependa mtu angetuambia mapema.

Mimi nauza nafaka: maharage, mahindi na mchele wa Kahe. Wenzangu wengi hushuka alfajiri na mikungu ya ndizi kutoka Uru, Kibosho na Old Moshi, wengine wanakaa Pasua na Njoro. Mwenye mtoto mchanga humbeba mgongoni kutwa nzima. Mtoto akianza kutembea analazwa juu ya gunia chini ya meza. Wapo wanaomwacha kwa mama jirani anayekusanya watoto kumi na zaidi kwenye chumba kimoja kwa malipo ya siku. Na wapo wanaombakiza nyumbani na dada yake wa darasa la tatu, ambaye siku hiyo haendi shule. Hili la mwisho ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu wanaorudishwa nyuma hapo ni watoto wawili.

Tulianza baada ya mtoto wa mwenzetu, mwenye mwaka na nusu, kuvuta sufuria ya uji kwenye banda la mama lishe. Aliungua mkono na kifua. Alipona, Mungu ni mwema, lakini mama yake alikaa naye hospitalini mpaka mtaji ukaisha. Mama lishe hakuwa na kosa, wala mama mtoto. Soko lina mahali pa kushushia mizigo, pa kuegeshea bodaboda, pa kutupia taka na pa kulipia ushuru. Mahali pa mtoto hapakuwepo, ingawa watoto wamekuwepo tangu soko lianze.

Tulipoketi kujadili, ushauri wa kwanza tuliopewa, na kwa nia njema kabisa, ulikuwa tuunde kikundi tuchukue mkopo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni mpango mzuri, na mtu akitaka kuongeza mtaji wa biashara namwambia aende. Lakini mkopo hurudishwa. Ukianzisha kituo cha watoto kwa mkopo, ada ndiyo itakayourudisha, na anayeweza kulipa ada hiyo si mama wa mchicha wenye faida ya elfu tatu kwa siku. Tungejikuta tunalea watoto wa wenye maduka. Mifereji ya soko hatukuikopea, taa hatukuzikopea. Niliwaambia wenzangu kwamba mtoto naye asikopewe, na tukakubaliana hapo kwamba tunadai huduma ya umma, itakayolipwa na ushuru tunaoutoa kila siku.

Hatua iliyofuata tulisaidiwa na afisa ustawi wa jamii. Alitupa nakala ya Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ile iliyozinduliwa Dodoma Desemba 2021 kwa kipindi cha 2021/22 hadi 2025/26. Inahusu watoto tangu mimba hadi miaka minane, na inataka mtoto apate mambo matano kwa pamoja: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio (mtu mzima anayemjibu mtoto), ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Tuliisoma kwa zamu wakati wa mchana biashara inapopoa, anayejua kusoma vizuri akiwasomea wengine. Mama mmoja wa vitunguu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Kwa hiyo Serikali imeshakubali. Bado nini?" Bado ilikuwa fedha. Programu ya taifa ikishatiwa saini, kuna mtu lazima aandike kiasi mbele yake kwenye bajeti ya halmashauri husika, na mtu huyo haandiki asichoombwa.

Tukahesabu watoto wenyewe. Wanawake wawili walipita na daftari kizimba kwa kizimba wakiuliza mtoto ana umri gani, mchana anakaa wapi, mama yake anafunga saa ngapi. Watoto walio chini ya miaka mitano walikuwa zaidi ya 60 kwa siku ya kawaida. Tukagundua pia jambo ambalo sikulitarajia: karibu wote wenye watoto wadogo hufunga saa tisa, wakati biashara yenye faida ni ya jioni watu wakitoka kazini. Wengine walikuwa wameacha vizimba kabisa, wanapanga bidhaa chini kando ya barabara ili wamtazame mtoto, na huko ushuru hawalipi. Tukaandika yote kwenye ukurasa mmoja. Nusu ya juu ilizungumzia mtoto, nusu ya chini ikazungumzia ushuru unaopotea. Nasisitiza ukurasa mmoja, kwa sababu waheshimiwa wanaletewa makabrasha kila kikao, na karatasi moja husomwa pale pale.

Mkutano mkuu wa mtaa tulijaza watu. Hili halihitaji ujanja: tulipita kuwaambia wateja na majirani, tukafunga mapema, tukaenda na watoto. Mzee mmoja ninayemheshimu sana alisimama akasema: "Wanangu, sisi tulilelewa na bibi zetu. Hii ya kupeleka watoto kwa Serikali inatoka wapi?" Nilimjibu kwa adabu: "Mzee wangu, bibi ninaye, ni mama yangu mzazi, na yuko kizimba cha tatu kutoka kwangu anauza magimbi." Watu walicheka, mzee naye akacheka, lakini hoja ilieleweka. Bibi wengi bado wanatafuta riziki, na wengine wako Rombo au Same, nauli ya kwenda na kurudi ni mauzo ya siku nzima. Nikaongeza kwamba mwanamke aliyeajiriwa ana siku 84 za likizo ya uzazi kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na akirudi kazini anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Mwenzake anayeuza ndizi anarudi sokoni pale akiba inapoisha, hata kama mtoto ana wiki tatu. Kabla hatujatawanyika tulimwomba mtendaji atusomee alichoandika kwenye muhtasari. Fanyeni hivyo. Kisichokuwa kwenye muhtasari hakifiki kata, hata kama mkutano mzima ulipiga makofi.

Tulikuwa tumeuwahi msimu wake, na hili lina uzito kuliko ufasaha wa kuongea. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, lakini vipaumbele vya mitaa na kata hukusanywa miezi mingi kabla, madiwani hupitisha mwanzoni mwa mwaka wa kalenda, na Bunge la bajeti huanza Aprili. Ukienda na hoja nzuri mwezi Mei utasifiwa tu.

Kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata tuliulizwa ni nchi gani inayolea watoto wa wauza soko kwa kodi. Nikasema tusiende mbali, tuvuke Holili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kwenye Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti jukumu la elimu ya awali na vituo vya kulelea watoto. Pale Taveta mama ana mlango wa kugonga ulioandikwa kwenye katiba. Sisemi kwamba huko kila kitu ni kizuri. Nasema jukumu lina mwenyewe. Kwetu darasa la awali la mwaka mmoja kabla ya darasa la kwanza limo kwenye Sera ya Elimu ya mwaka 2014, na shule za msingi za Serikali hazitozi ada. Lakini mtoto wa miaka miwili, mitatu, minne anasubiri nini? Miaka hiyo ndiyo ubongo unakua kwa kasi ambayo hautairudia tena.

Diwani alilibeba vizuri. Kwenye halmashauri tukakutana na afisa mipango, mtu muungwana aliyetuambia ukweli ambao wengi huuficha: "Mama, jengo naweza kukutafutia. Mlezi ni vigumu. Jengo nalilipia mara moja, mlezi anakula kila mwezi."

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote, na naomba anayesoma asiparuke. Fedha za miradi ya maendeleo na fedha za matumizi ya kawaida hukaa mafungu tofauti. Ukarabati wa chumba huingia fungu la kwanza, una picha ya kuonyesha na siku ya kuzindua. Posho ya mlezi, unga wa uji, sabuni na maji huingia la pili, ambalo daima limebana. Basi rahisi kwa kila mtu ni kupewa jengo. Lakini chumba kisicho na mlezi baada ya mwezi kinakuwa stoo ya magunia yenye kufuli, na mtoto anarudi chini ya meza. Malezi ni mtu mzima anayemjibu mtoto akilia, anayemtajia majina ya vitu, anayejua leo hajala. Ukiondoa huyo mtu umebaki na kuta.

Mwaka wa kwanza tulipata kuta. Ofisi ya zamani ya ushuru ilikarabatiwa, ikawekwa uzio, bomba na choo chenye matundu madogo ya watoto. Posho ilikatwa. Tukaamua kuwalipa walezi wawili kutoka kwenye kikoba chetu kwa mwaka huo mmoja, huku kila siku tukiandika kwenye daftari: watoto wangapi wameingia, saa ngapi, mama zao wamefunga saa ngapi. Baadhi ya wenzangu walihofu kwamba tukijilipia, halmashauri itaona tunaweza na itatuacha. Hofu hiyo ilikuwa na mantiki. Ndiyo maana barua yetu ilitaja wazi kwamba kikoba kinalipa hadi mwisho wa mwaka wa fedha, si zaidi, na nakala yake tuliigongesha muhuri.

Msimu wa bajeti uliofuata tulirudi na daftari. Safari hii swali kwenye kamati lilikuwa faida iko wapi. Binti ya dada yangu anayesoma Chuo Kikuu cha Ushirika alinisaidia kutafuta. Nikawaeleza kuhusu watoto 123 wa familia maskini wa mji wa Ypsilanti, Michigan, waliofuatiliwa tangu miaka ya 1960, baadhi yao wakiwa wamepata elimu bora ya awali na wengine hawakupata. Walifuatiliwa mpaka utu uzima, na James Heckman, mchumi aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 2000, alikokotoa na wenzake kwamba kila fedha iliyowekwa ilizaa asilimia 7 hadi 10 kwa mwaka, kupitia kipato kikubwa zaidi, uhalifu mdogo na afya bora. Nilisema pia kwamba Michigan si Moshi. Kisha nikafungua daftari letu, kwa sababu lile lilikuwa la kwetu: akina mama waliokuwa wakifunga saa tisa sasa wanafunga saa kumi na mbili, na waliokuwa barabarani wamerudi kwenye vizimba na wanalipa ushuru. Mjumbe mmoja aliomba kuja kuona. Alikuja bila taarifa, akakuta watoto wanakunywa uji, akakaa nao sakafuni muda mrefu.

Posho za walezi wawili ziliingia kwenye matumizi ya kawaida kutoka mapato ya ndani. Unga wa lishe na sabuni tunachangia sisi, mama asiye na kitu siku hiyo hafukuzwi. Kwa kuwa mapato ya ndani hupanda na kushuka, kikoba kinaweka akiba ya posho ya miezi miwili. Kituo tulikisajili kupitia ustawi wa jamii kama Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inavyotaka, na walezi walipata mafunzo kabla hatujapokea mtoto hata mmoja. Mlango unafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Kila mtoto ana kadi yake ya kliniki hapo, na muuguzi wa zahanati akija hupima uzito wote kwa siku moja. Vifaa vya kuchezea ni vifuniko vya chupa, vibao vya seremala wa jirani, mipira ya matambara. Wakifika miaka mitano wanakwenda darasa la awali shule ya msingi ya karibu. Mwalimu wao aliniambia watoto wa sokoni anawatambua: wanajua kungoja zamu, na wanauliza maswali.

Bado hatujatosheka. Watoto wanaokuja ni wengi kuliko uwezo wa walezi wawili, na wa chini ya miaka miwili bado tunawakataa, jambo linalonitesa kila asubuhi. Novemba 2022 nchi nyingi zilikutana Tashkent chini ya UNESCO, zikakubaliana kulenga angalau asilimia 10 ya matumizi ya elimu yaende kwenye elimu ya awali. Asilimia hiyo tumeiandika juu kabisa kwenye ukurasa wetu wa mwaka huu. Chini yake tunaomba mlezi wa tatu, na chumba cha pili kwa wachanga, kwa sharti kwamba posho ya mlezi wa chumba hicho iingie bajeti ileile pamoja na ukarabati wake. Ukarabati peke yake safari hii hatutaupokea. Mwenyekiti wa mtaa amekwishapokea nakala, na mtendaji ameahidi kuliweka ajenda ya pili, mara baada ya kusoma muhtasari uliopita.